Usinunue Lori Kabla ya Kufika Lubumbashi

Kwenye yadi za Dar es Salaam kila lori linang'aa. Kichwa kimeoshwa, matairi yamepakwa dawa nyeusi, viti bado vina nailoni, na muuzaji anaapa kwamba gari limetoka Uingereza juzi tu na dereva wake alikuwa mzee mcha Mungu asiyejua kukimbiza. Binamu yangu alizunguka yadi hizo kwa miezi. Ni dereva wa masafa marefu. Miaka yote ameendesha magari ya matajiri, na sasa alikuwa na akiba ya kununua la kwake. Kila alipouliza swali la maana alijibiwa kwa soda ya baridi. Mwishowe akanipigia simu: "Kaka, huku wanauza tu. Mimi nataka kwenda kule wanakotengeneza."

Kule ni Lubumbashi. Tajiri wake alikuwa amempangia mzigo wa salfa kutoka bandarini kwenda migodi ya Katanga, nami nikaomba nafasi kwenye kichwa, nikabanana na tandiboi na jiko la gesi.

Mji huo una sababu ya kuwa darasa la malori. Wabelgiji waliuanzisha mwaka 1910 wakauita Élisabethville, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipofika kuchukua shaba. Kwa miongo mingi shaba ya kampuni ya Union Minière, na baadaye ya Gécamines, ilisafiri kwa treni. Reli ikachakaa, migodi mipya ikafunguliwa, na mzigo ukahamia barabarani. Leo Kongo ni ya kwanza duniani kwa kobalti na imeipita Peru kwa shaba, ikibaki nyuma ya Chile peke yake, na sehemu kubwa ya utajiri huo hutoka Katanga juu ya matairi: mengine kuelekea Dar es Salaam, mengine Durban, Beira au Walvis Bay. Kwa hiyo Scania ya Mtanzania, Freightliner ya Mzambia, Volvo ya Afrika Kusini, Howo na Shacman za kutoka China, na Mercedes Actros kuukuu zilizoshushwa kutoka Ubelgiji, zote zinapita njia moja. Zinazovumilia utaziona zikipita. Zisizovumilia utaziona vizuri zaidi, kwa kuwa zimesimama pembeni zimewekewa mawe chini ya ekseli.

Masomo yalianza kabla ya mpaka. Kutoka Dar, mlima wa Kitonga unaupanda. Ukirudi na shaba, unaushuka. Kwenye kupanda, rejeta iliyoziba na klachi iliyochoka hujitangaza zenyewe: sindano ya joto inanyanyuka, harufu ya kuungua inaingia ndani, na dereva anaanza kusali. "Ndiyo maana mtu akikupa gari ulijaribu likiwa tupu kwenye lami ya mjini, hajakuonyesha kitu," binamu yangu alisema huku akirudisha gia. "Omba mzigo, omba mlima." Kwenye kushuka, kinachokuokoa ni breki ya injini na gia ndogo uliyoingia nayo juu kabisa. Anayetegemea kukanyaga breki za miguu hadi chini hufika akiwa na breki za moto zisizoshika, akifika.

Halafu kuna mizani. Sheria ya udhibiti wa uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia 2019, inaruhusu jumla ya tani 56 kwa gari lenye ekseli saba. Kwa gari la kawaida la ekseli sita, yaani kichwa cha difu mbili na tela la ekseli tatu, hesabu ni tani 8 mbele, 18 kwenye difu na 24 kwenye tela: jumla tani 50. Wanunuzi wengi huuliza farasi wangapi injini inayo, wachache huuliza gari lenyewe tupu lina uzito gani. Ukinunua tela la chuma kizito lililozidi wenzake kwa tani mbili, utakuwa unabeba tani mbili za chuma chako mwenyewe bila malipo, kwenda na kurudi, hadi siku ya kuliuza. Binamu yangu alinifundisha kusoma kikaratasi cha mizani kama mwanafunzi anavyosoma matokeo ya mtihani: hakuishia kwenye jumla, aliangalia kila kundi la ekseli. Mzigo uliopangwa vibaya unaweza kuwa chini ya jumla na bado ukakutoza faini kwa ekseli moja.

Baada ya Tunduma na Nakonde, Zambia inaanza na haimaliziki. Mpika, Serenje, Mkushi, Kapiri Mposhi: msitu wa miombo pande zote, mashimo pale usipoyatarajia, na magari yaliyokatika springi. Hapa ndipo nilipoona matunzo yenyewe yalivyo, mbali na vitabu vya kiwanda. Kila tuliposimama, tandiboi alishuka kabla gari halijatulia, akapita gurudumu kwa gurudumu akigusa habu kwa mgongo wa kiganja. Zote zikiwa vuguvugu sawa, salama. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, ama beringi imeishiwa grisi ama breki inang'ang'ania, na ni afadhali kulala pale kuliko kuona gurudumu linakutangulia barabarani. Gurudumu likibadilishwa, nati zilikazwa tena baada ya kwenda kilomita chache, maana nati zilizofungwa upya hulegea rimu inapokaa sawa. Asubuhi kabla ya kuwasha injini alizama chini na kuvuta kamba ndogo iliyo chini ya kila tenki la hewa. Likatema maji. "Maji ni kawaida," alinieleza. "Likianza kutema oili, jua kompresa imeanza kuchoka, na breki ndizo zinazofuata."

Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, ilitupokea kwa foleni. Sitasimulia urefu wake, kwa sababu kila dereva ana wake. Watu wanapika ubwabwa kivulini mwa tela, wanafua, wanacheza bao, wanauliziana habari za karatasi. Wakati fulani foleni inasogea hatua kumi, injini zote zinawaka kwa pamoja, kisha zinazimwa, au hazizimwi. Pale ndipo mwenye lori moja anapojifunza hesabu ambayo hakuna yadi itakayomfundisha. Gari linalosimama linaendelea kudaiwa: marejesho ya benki, bima, posho ya dereva, maegesho, hata chakula. Ukiwa na malori hamsini, moja likikwama mengine yanalibeba. Ukiwa na moja, likikwama umekwama nalo. Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka huu pamoja na ule wa Mokambo na Sakania kwa siku chache, kufuatia mgogoro uliotokana na Kongo kuzuia bia na vinywaji baridi kutoka Zambia. Dereva aliyekuwa na shaba mgongoni hakuhusika na bia ya mtu yeyote, lakini alisimama.

Ng'ambo ya geti, ulimwengu unageuka. Tanzania na Zambia tunapita kushoto, Kongo wanapita kulia, na usukani wetu uko upande usiofaa. Binamu yangu hakuweza kuona mbele ya lori alilotaka kulipita bila kujitokeza mzima katikati ya barabara. Kazi hiyo ikawa ya tandiboi, aliyetoa kichwa dirisha la kushoto na kusema "bado, bado, sasa!" Kwa kilomita tisini na ushei hadi mjini hatukulipita gari bila kauli yake. Mtu anayetaka kununua lori la kufanya kazi za ndani ya Kongo tu, kati ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, hana sababu ya kununua usukani wa kulia kwa kuwa ulikuwa rahisi. Bei aliyookoa atailipa siku atakayokosa kuona.

Lubumbashi unaitambua kwa mbali: bomba refu la Gécamines, na pembeni yake kilima cheusi cha masalia ya viwanda vya kuyeyushia shaba, ambacho hakuna mwenyeji asiyekipiga picha angalau mara moja. Tulipomaliza kushusha mzigo tukaenda kwenye gereji moja upande wa barabara ya Kasenga. Ilikuwa kiangazi, vumbi jekundu limekaa juu ya kila kitu, na asubuhi baridi ya Katanga ilikuwa imewavalisha mafundi makoti chini ya ovaroli. Uwanja mzima ulikuwa wa malori yaliyofunguliwa.

Fundi mkuu ni mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Vijana wote wanamwita Papa, na sisi tukamwita hivyohivyo. Alianza kazi kwenye karakana za migodi na sasa ana gereji yake. Siku hiyo alikuwa na shughuli iliyotufaa kuliko maelezo yoyote: kijana wa Likasi, aliyekuwa dereva mgodini, alileta Actros iliyotumika Ulaya ili ikaguliwe kabla hajalipa. Muuzaji alikuwapo, simu sikioni.

Papa hakulitazama gari kwanza. Aliweka kiganja kwenye ubavu wa injini, akakiondoa. "Mbona iko moto?" Muuzaji akasema ameliwasha ili aje nalo. Papa akaketi kwenye debe. "Sawa. Tunangoja ipoe." Tukangoja. Injini ya dizeli iliyochoka huwaka vizuri ikiwa ya moto. Uchovu wake unaonekana asubuhi, ikiwa baridi. Muuzaji anayekukuta na gari limeshapashwa moto anaficha kitu, au ana haraka, na yote mawili ni mabaya kwako.

Wakati tunangoja alijilaza chini na tochi. "Juu banapakaa rangi, chini banasahau," alisema kwa Kiswahili cha kwao. Alifuata shasi kwa kidole kutoka mbele hadi nyuma, akasimama mahali rangi ilipokuwa nene. Akakwangua kwa bisibisi. Chini ya rangi kulikuwa na mstari wa kuchomelea. Ufa wa shasi ukichomelewa na fundi anayejua, ukaongezewa bamba, unaweza kukaa. Ukifichwa kwa rangi, maana yake aliyeufanya mwenyewe hauamini. Akalinganisha namba ya shasi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kwenye karatasi, tarakimu moja moja, kwa sauti. Akatazama kama bushi za springi zimeliwa, kama difu inavuja, kama sahani inayoshika tela ina mikwaruzo mirefu isiyo na grisi. Kwenye tela lililokuja na gari akapima pini kuu kwa kipimo chake. Ikiwa mpya ni karibu milimita 51 kwa unene; ikishuka hadi 49, inabadilishwa, hakuna mjadala, kwa sababu ndiyo inayozuia tani thelathini na kitu zisikuache.

Injini ikapoa. Wakaiwasha. Ikazunguka, ikazunguka tena, ikakubali kwa moshi mweupe uliokaa muda mrefu kuliko Papa alivyopenda. Mweusi, akamweleza kijana, ni dizeli nyingi au hewa kidogo: labda filta, labda nozeli, labda turbo. Wa bluu ni oili inaungua. Mweupe usiokwisha ni nozeli zisizofanya kazi au maji yanaingia mahali pasipofaa. Kisha akafungua kifuniko cha kujazia oili injini ikinguruma, akaweka kipande cha karatasi juu ya tundu. Karatasi ikaruka. "Motere iko napumua mubaya, mwanangu." Presha ya silinda ilikuwa inapita kando ya pete za pistoni na kushuka chini. Injini hiyo ingefanya kazi, pengine mwaka, kisha ingeomba kufunguliwa yote.

Muuzaji akapunguza bei palepale. Kijana wa Likasi akang'aa macho. Papa akavua miwani, akamtolea hesabu ambayo binamu yangu aliiandika nyuma ya kikaratasi cha mizani: "Pesa yako kata mafungu matatu. Mawili ya kununua. La tatu liko la gari, lakini usilitoe. Ukimaliza yote kwa kununua, umenunua chuma." Fungu hilo la tatu ndilo litakalonunua matairi, betri, seti ya klachi na filta za mwanzo, kwa kuwa lori lililotumika linaanza kudai siku ya kwanza. Aliongeza kwamba bei nafuu ya gari hili isimhadae: punguzo alilopewa lilikuwa dogo kuliko gharama ya kufungua injini, na muuzaji alilijua hilo alipotaja bei ya kwanza.

Mchana tulizunguka maduka ya spea, ambayo wenyeji wanayaita ya piesi. Hapo niliona kwa nini wenye malori wa huku wana mapenzi yasiyo na siri na magari ya zamani kidogo. Uliza filta, pampu ya maji au kitu chochote cha Scania ya zamani au cha Howo: utaonyeshwa aina tatu, halisi, ya Uturuki na ya China, kila moja na bei yake. Uliza kifaa cha umeme cha lori la Euro 6: utaambiwa subiri, kinatoka Johannesburg au Dubai. Magari mapya ya Ulaya yanahitaji dizeli yenye salfa kidogo sana na kimiminika cha AdBlue, ambacho ni maji yaliyochanganywa na urea asilimia 32.5. Kikikosekana njiani, kompyuta ya gari inapunguza nguvu na wewe unapanda mlima kwa mwendo wa mguu. Mafundi wengi huzima mfumo huo kienyeji, na hapo gari la gharama kubwa linabaki na matatizo ya kisasa bila faida yake. Kwa anayeanza na lori moja, swali la kuuliza kabla ya chapa na mwaka ni hili: likiharibika Mpika usiku, nani yupo karibu anayelijua, na spea itafika lini? Jibu la swali hilo ndilo linalofanya giaboksi ya mkono na injini ya Euro 3 iwe chaguo la mwenye akili, hata kama inakunywa kidogo zaidi.

Kunywa nako kuna hesabu yake. Lori lililojaa kwenye njia hii huenda takriban kilomita mbili kwa lita. Dar hadi Lubumbashi ni kama kilomita 2,000. Kwenda na kurudi, lita 2,000. Nozeli zikichoka na filta ya hewa ikiziba hadi ikawa kilomita 1.7 kwa lita, utatumia zaidi ya lita 2,350. Lita 350 za ziada kila safari ni pesa ya kununua filta nyingi mno. Papa alituambia jambo jingine ambalo vitabu vya kiwanda havilitilii mkazo: foleni haihesabiwi na mita ya kilomita. Injini inayowaka mchana kutwa kwa kusogea hatua kumi inachosha oili bila kuandika chochote kwenye dashibodi. Kwa injini ya zamani kwenye njia hii, yeye habadilishi oili kwa kilomita peke yake. Gari likirudi kutoka safari yenye foleni ndefu, oili inatoka na filta zake zote, hata kama kilomita 15,000 hazijatimia. Filta ya hewa pia haipulizi kwa kompresa mara nyingi, kwa sababu presha inatoboa karatasi na vumbi la Katanga linaingia moja kwa moja kwenye silinda.

Kwenye kibanda cha kwado, fundi wa matairi alitufundisha kusoma umri. Ubavuni mwa tairi, baada ya herufi za DOT, kuna tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake liliundwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno marefu na likawa limekauka kwenye ghala. Likibeba tani zake kwenye joto la mchana linapasuka. Gari la ekseli sita lina matairi 22, mbali na ya akiba. Tuseme moja ni dola 250: seti nzima ni dola 5,500. Fikiria hapo muuzaji anaposema "matairi yako sawa, bosi." Upepo unapimwa kwa geji asubuhi matairi yakiwa baridi. Kugonga kwa rungu, kama tulivyozoea, kunakuonyesha tairi lililokwisha kabisa, lakini hakukuonyeshi lililopungua robo, na hilo lililopungua robo ndilo linalopata joto, linalokula dizeli na linaloua mwenzake wa pembeni.

Jioni tulikula kwa mama mmoja karibu na soko la Kenya, maana Lubumbashi ina wilaya iitwayo Kenya, na Mkenya akifika hushangaa kweli. Bukari, yaani ugali, ilikuja moto na sombe, yaani kisamvu, na samaki wakavu. Mezani walikaa wenye malori moja moja na mawili mawili, Wakongo kwa Wazambia, na mazungumzo hayakugusa injini hata kidogo. Walizungumza karatasi. Kadi ya Njano ya COMESA, bima inayokulinda ukivuka mipaka, ikaguliwe tarehe yake kabla ya kuondoka, maana ikiisha ukiwa Kasumbalesa hakuna anayekuhurumia. Dola za mfukoni ziwe safi: noti iliyochanika hata ukingoni inarudishwa na kila mtu. Risiti za vituo vya ushuru wa barabara zitunzwe kwenye bahasha moja, na dereva asilipe kitu kisicho na karatasi bila kumpigia tajiri. Pale tajiri na dereva ni mtu mmoja, alisema Mkongo mmoja akicheka, ajipigie mwenyewe. Waliongea pia kuhusu sheria yao ya mwaka 2017 ya kazi za ukandarasi mdogo, inayozipa nafasi kampuni ambazo mtaji wake mwingi ni wa Wakongo. Kwa mwenye lori mdogo ni mlango, lakini mgodi haufungi mkataba na mtu aliyebeba ufunguo tu. Unataka usajili, akaunti na vitabu vya hesabu. Wengi walio wazuri wa usukani hukwama hapo.

Mada iliyowafanya wote waache kula ni mzigo unaopotea. Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje kwa sababu bei ilikuwa imeanguka; zuio likaongezwa, na Oktoba likageuzwa kuwa mgawo kwa kila mzalishaji. Aliyekuwa amekopa kununua tela akitegemea mzigo huo alijikuta akigombania shaba na wenzake wote, na malipo yakashuka. Reli nayo inarudi. Njia ya Lobito upande wa Angola ilikabidhiwa kwa waendeshaji binafsi mwaka 2023 na tayari imeshapeleka shaba baharini. Tazara, iliyokamilika miaka ya 1970, inafufuliwa kwa mkataba na kampuni ya Kichina. Treni hazitamaliza malori, kwa kuwa treni haifiki kila mgodi na wala haibebi unga hadi dukani. Lakini mtu anayekopa leo kwa miaka mitano afikirie mzigo utakaokuwapo mwaka wa tano. Ushauri wa mezani ulikuwa kununua tela linaloweza kubeba zaidi ya aina moja ya mzigo. Tela tambarare lenye mbao za pembeni na turubai nzuri linapeleka salfa kwenye magunia, linarudi na shaba, na siku shaba ikikosekana linabeba mahindi ya Mkushi. Tela maalumu hulipwa vizuri, hadi siku mteja wake mmoja anaposimama.

Mmoja wao, mwanamama mwenye malori mawili aliyeanza kwa kuendesha biashara ya mafuta ya kula kutoka Zambia, alikuwa na msimamo mkali kuhusu mikataba. "Wadogo zangu, lori halimuui tajiri wake likitembea," alisema akinawa. "Linamuua likisimama. Basi kusimama kuandikwe." Alimaanisha kifungu cha fidia ya kusubiri: baada ya siku walizokubaliana za kupakia, kushusha au kungoja karatasi za mwenye mzigo, kila siku ya ziada ina bei. Madalali wanakichukia. Madereva waliozoea kuajiriwa hawakijui, kwa kuwa foleni ilikuwa tatizo la tajiri. Alikuwa pia na daftari, moja kwa kila gari, lenye kila filta, kila tairi na namba yake, kila lita. Alitoa moja mkobani tukalipitia. Siku akiuza gari, daftari hilo linauzwa nalo, na mnunuzi anaongeza bei bila kubishana.

Tulirudi na shaba. Kitonga tuliushuka kwa gia ndogo, breki ya injini ikinguruma korongo zima, na malori mawili ya watu wenye haraka yakatupita. Dar es Salaam binamu yangu hakurudi kwenye yadi zilezile. Alitafuta kwa wenye magari, sio kwa wauzaji, akapata Scania ya zamani yenye giaboksi ya mkono kutoka kwa mtu aliyekuwa akibadilisha magari yake, ikiwa na rangi iliyopauka na faili nene la matengenezo. Alikwenda na fundi, asubuhi na mapema, injini ikiwa baridi. Karatasi juu ya tundu la oili ilitikisika tu, haikuruka. Matairi sita yalikuwa yamezeeka; akayatoa kwenye bei. Theluthi ya fedha yake bado iko benki, na mkewe ndiye mwenye saini ya pili.

Mzigo wa kwanza aliotafutiwa ulikuwa salfa, kwenda kulekule. Aliandika kwa mkono wake kifungu kimoja mwishoni mwa mkataba: fidia ya kusubiri kuanzia siku ya nne. Dalali akacheka, akasema hakuna anayesaini mambo hayo kwa mtu wa lori moja. Binamu yangu akachukua karatasi zake, akaondoka, na akakaa wiki nzima bila mzigo kabla hajampata aliyekubali kusaini kuanzia siku ya tano.